Ukichemsha maji, unayaweka wapi?

Oktoba 2022, mvua za vuli zilipochelewa na Mto Ruvu unaotupa maji ukashuka, Dar es Salaam tuliingia kwenye mgao wa maji ambao waliokuwepo hawajausahau. Kwetu Tabata bomba lilikauka siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mikokoteni ya madumu ikaanza kupita alfajiri, na bei ikawa inapanda kila unapouliza. Mimi nilikuwa na amani. Nyuma ya nyumba tuna tangi la lita 1,000, na siku ile lilikuwa robo tatu. Nikamwambia mume wangu, "Baba, sisi tuna maji ya wiki nzima."

Usiku wa siku ya tano mwanangu mdogo, wakati ule ana miaka mitatu, alianza kuharisha. Kufikia asubuhi macho yalikuwa yameingia ndani na analia bila machozi. Nilimfunga mgongoni nikaenda naye zahanati.

Nesi aliyetupokea alikuwa mama mtu mzima, mpole. Alimpa mtoto maji yenye ORS, ile chumvichumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, kidogo kidogo kwa kijiko, huku akinihoji.

"Maji ya kunywa mnachemsha?"

"Tunachemsha, dada. Kila jioni."

"Halafu mnayaweka wapi?"

"Kwenye ndoo. Ina mfuniko."

"Ina bomba, au mnachota kwa kikombe?"

Nilinyamaza. Hakunigombeza. Alisema tu, "Basi anzia hapo, mama."

Mtoto alipona baada ya siku tatu, namshukuru Mungu. Siku hiyohiyo niliporudi nyumbani nilikwenda moja kwa moja kuiangalia ile ndoo. Ndoo nyeupe ya lita 20, mfuniko wake umepasuka ukingoni. Ndani kilikuwa kinaelea kikombe cha plastiki chenye mkono, ambacho kila mtoto anayetoka kucheza anakitumbukiza pamoja na vidole vyake vyote. Nikamwaga maji, nikapitisha kiganja kwenye ukuta wa ndani. Ulikuwa unateleza, kama jiwe la mtoni. Ule utelezi ni makazi ya vijidudu. Kila jioni nilikuwa nateketeza mkaa kuchemsha maji masafi, kisha nayamimina humo.

Ndiyo maana kila mtu akiniuliza habari za kuweka akiba ya maji ya kunywa, siulizi kwanza ana lita ngapi. Nauliza ana chombo gani, na mkono unaingia au hauingii.

Bibi yangu mzaa mama, kule Pangani, alikuwa na mtungi uliokaa kwenye kona yenye giza, umefunikwa kawa, na juu ya kawa kata ya kifuu cha nazi yenye mpini mrefu. Ukinywea kwenye kata ile ulichapwa. "Mjukuu wangu, kata si bilauri," alikuwa anasema. Kata inachota, inamimina kwenye bilauri, inarudi juu ya kawa, basi. Alikuwa pia anafukiza mtungi kwa ubani, na maji yale matamu, ya baridi, bado nayakumbuka mdomoni. Ubani siutegemei kuua vijidudu, lakini sheria ya kata ilikuwa kinga ya kweli. Sisi tuliohamia mjini tukanunua ndoo za plastiki tukaiacha ile sheria kijijini.

Sasa nieleze ninavyofanya tangu mwaka ule.

Kwanza niliyatenga maji ya kunywa na maji ya nyumba. Tangi la nje ni la kufua, kuoga na choo. Nilipolifungua juu wakati ule niliona kifuniko kimepinda na viluwiluwi wa mbu wanacheza. Jua la Dar linalipiga tangi kutwa nzima, na klorini iliyokuja na maji ya bomba haidumu humo. Homa ya dengue tumeipata hapa jijini 2014 na tena 2019, na mbu wake anapenda hasa vyombo vya maji ya majumbani. Mayai yake hunata ukutani mwa chombo na yanaweza kukaa makavu kwa miezi, yakisubiri maji yarudi. Kumwaga maji peke yake hakutoshi, lazima usugue ukuta. Tangi langu sasa lina kifuniko kizima, na wavu mdogo kwenye bomba la kupumulia. Hata hivyo simpi mtoto maji yake bila kuyatibu.

Maji ya kunywa yana madumu yake. Hesabu ni rahisi ukiishika hivi: mtu mmoja anahitaji kama lita 4 kwa siku, za kunywa na kupikia kidogo. Tuko watu 5, kwa hiyo dumu moja la lita 20 ni siku moja. Shirika la Msalaba Mwekundu au jirani atakwambia anza na akiba ya siku 3, na si vibaya kuanzia hapo, hayo ni madumu 3. Ila mgao wa 2022 ulinifundisha kwamba siku 3 zinapita kabla hujazihesabu. Ninaweka madumu 7. Anayenyonyesha, mgonjwa, mzee na mtu anayefanya kazi juani, wote wanahitaji zaidi ya hizo lita 4, kwa hiyo usikate hesabu kwa ubahili.

Madumu ninanunua mapya, yale magumu yenye mdomo mwembamba. Najua wengi tunatumia yaliyokuwa na mafuta ya kula kwa sababu ni nafuu. Kama huna njia nyingine, lisugue kwa maji ya moto na sabuni na punje za mchele mpaka harufu iishe, na ikikataa kuisha, lifanye la kufulia. Usisugue kwa mchanga. Mchanga unachora plastiki ndani, na uchafu unajificha kwenye ile michoro. Dumu lililowahi kubeba petroli, mafuta ya taa, dawa ya shamba au rangi usilipe hata nafasi ya kuzungumziwa. Plastiki hunywa vitu hivyo na kuvitoa taratibu ndani ya maji.

Hata dumu jipya ninalisafisha. Naosha kwa sabuni, nasuuza, kisha naweka lita 1 ya maji niliyotia kijiko kimoja cha chai cha dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ile ya klorini isiyo na manukato. Nafunga, natikisa mpaka ipite kila kona hadi kwenye nyuzi za kizibo, naiacha dakika chache, namwaga, nasuuza tena kwa maji masafi. Kizibo nacho kinaoshwa. Watu wengi wanasahau kizibo, na ndicho kinachowekwa sakafuni wakati wa kujaza.

Kutibu maji yenyewe, hapa nina msimamo wangu. Kwa maji ya kunywa leo, kuchemsha ni kuzuri: yatokote kwa nguvu dakika 1, na kwa wenzetu wa sehemu za Njombe na Makete zilizo juu ya mita 2,000, dakika 3. Lakini kwa maji ya kuweka, naamini dawa kuliko moto. Moto unaua vilivyomo na kazi yake inaishia pale yanapopoa. Kikiingia kidudu kingine kesho, maji hayana cha kujitetea. Klorini inabaki humo ikilinda. Vidonge vya klorini vya WaterGuard vinapatikana madukani na kwenye maduka ya dawa, ila soma pakiti kila mara, kwa maana vidonge vya kutibu maji havilingani nguvu: kuna cha lita 20 na kuna cha maji machache zaidi. Baada ya kutia, subiri dakika 30 kabla ya kunywa. Harufu kidogo ya dawa isikutishe, inaonyesha kinga bado ipo.

Maji yakiwa na tope dawa inamalizwa na tope. Yaache yatulie usiku kucha, asubuhi mimina yale ya juu taratibu, yapitishe kwenye kitambaa cheupe kisafi kilichokunjwa mara kadhaa, ndipo utie dawa. Na kwa maji ya visima vyetu vyenye chumvi, moto hauondoi chumvi, wala kidonge hakiondoi. Usijaze akiba yako kwa maji ambayo watoto watayakataa siku watakapoyahitaji. Jambo lingine la visima: pampu inataka umeme. Jirani yetu ana kisima kizuri sana, na umeme ukikatika anakuja kwangu na chupa.

Ninajaza mpaka karibu na mdomo, nafunga, nafuta nje, nabandika plasta nyeupe na kuandika tarehe. Madumu yanakaa chumba cha ndani, chini, juu ya mbao mbili, mbali na dirisha. Mwanga ukipita kwenye plastiki, baada ya wiki kadhaa utaona ukijani umeanza. Usiyapange kwenye rafu, dumu lililojaa ni kilo 20 na likimwangukia mtoto ni msiba. Usiyaweke chumba kimoja na mafuta ya taa au sumu ya panya, hata kama vyote vimefungwa.

Wanaotoa miongozo wanasema maji uliyojaza mwenyewe yabadilishwe kila miezi 6. Nyumba yangu ni ya bati na joto ni la Dar, kwa hiyo mimi nabadilisha kila miezi 2. Simwagi bure. Jumamosi ya kwanza ya mwezi nafungua madumu yaliyotangulia, yanakwenda kwenye kufua na kwenye mchicha, kisha naosha na kujaza upya siku bomba linatoka vizuri, si siku linapoanza kutoka baada ya kukauka. Yale maji ya kwanza baada ya mgao yanakuja na kutu na mchanga wa mabombani, yaache yapite kwenye ndoo za choo. Ukionja maji ya akiba ukaona yamelala, yahamishe kutoka jagi moja kwenda jingine mara tatu nne, yatapata hewa na ladha itarudi. Lakini yakiwa na harufu mbaya au yanateleza, usijaribu kuyaokoa.

Katoni mbili za maji ya chupa nazo zipo, kwa sababu siku ya kukimbia hutabeba dumu. Wanaoishi mabondeni wananielewa. Masika yakija na mafuriko, maji yamejaa mpaka dirishani na hakuna hata tone la kunywa. Shida ya maji haiji na ukame peke yake. Kipindupindu kilichoanza hapa Agosti 2015 kikasambaa nchini kilitukumbusha hilo kwa uchungu.

Ikitokea umeishiwa kila kitu, huna mkaa, huna dawa, bado kuna jua. Chukua chupa angavu za plastiki za lita 1 hadi 2, zisizo na rangi wala mikwaruzo mingi, zijaze maji yasiyo na tope, zilaze juu ya bati kuanzia asubuhi kwa saa 6. Kukiwa na mawingu, siku 2 mfululizo. Kujua kama maji yanafaa, simamisha chupa juu ya gazeti utazame kutoka mdomoni hadi chini: ukiweza kusoma kichwa cha habari, jua litapenya. Nimefanya hivyo mara moja tu, Kibaha kwenye msiba, na watu zaidi ya kumi walikunywa.

Kutoa maji kwenye dumu kwenda kwenye matumizi ndipo penye jaribu. Mimi nina ndoo moja yenye bomba chini, niliyoinunua sokoni, na mfuniko wake unabana. Dumu linamiminwa humo, na kutoka humo maji yanatoka kwa bomba tu. Kikombe hakiingii. Ndoo inasuguliwa kila inapokwisha, kabla ya kumiminwa tena. Ninaifunika hata ikiwa tupu nusu, kwa sababu mtoto anayetambaa anaweza kuzama hata kwenye ndoo yenye maji kidogo.

Juu ya dumu la kwanza, lile lililo karibu na mlango, nimefunga kwa mpira pakiti mbili za ORS na chupa tupu, safi, ya lita 1 kamili. Kila moja ya pakiti hizi inataka lita 1, si kwa kukisia kwa jagi. Mwanangu sasa yuko shule ya msingi, na anajua chupa ile haichezewi.