Mama mkwe wako hajaacha mazoezi

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema mama mkwe wako alipimwa sukari asubuhi kabla ya kula ikasoma 6.4, daktari akamwambia bado haijafika kisukari, kwani kisukari huhesabiwa kuanzia 7.0, lakini ameshaingia njiani. Akashauriwa mazoezi ya nguvu, yaani ya kuinua vizito ili kuimarisha misuli. Akaanza kwa moyo, ukatokea msiba Bagamoyo, akakaa huko mpaka arobaini, aliporudi hakugusa tena. Akaanza upya, mjukuu akaugua, yakaishia hapo. Sasa unaniuliza: "Mama, wewe na wenzako hapo Temeke mnafanyaje hata hamuachi?"

Tunaacha, mwanangu. Tunaacha kila mara. Mtu wa umri wetu hapa Dar hana mwezi ambao ni wake mwenyewe. Kuna msiba, kuna harusi na kichenpati yake, kuna kikao cha vikoba, kuna mjukuu aliyeletwa likizo, kuna mvua za masika zinazofunga njia, na Ramadhani ikiingia saa zote za nyumba zinageuka. Anayemwambia mzee asikose hata siku moja amempa sharti litakalovunjika mapema, na likishavunjika mzee hujihesabu ameshindwa, akaona haya kurudi. Mama mkwe wako hakuwa mvivu. Alikwenda kuzika ndugu yake. Sisi tunadumu kwa sababu tumepanga namna ya kurudi kabla hatujaondoka, na hilo yeye hakuelekezwa na mtu yeyote.

Uelewe kwanza kinachopotea mtu akisimama. Misuli ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya sukari baada ya kula. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale ambapo mwili umeanza kuwa mgumu kuitikia insulini, ile homoni inayoshusha sukari ya damu, na hali hiyo njema huendelea siku moja mpaka tatu hivi baada ya mazoezi, kisha hufifia. Kwa hiyo upande wa sukari, faida haikai sana. Shirika la Afya Duniani linashauri mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki, na kwa sababu hiyo ya sukari sisi tunaziachanisha siku hizo. Lakini nguvu zenyewe haziondoki kwa kasi hiyo. Wiki mbili za kukaa haziwezi kufuta kazi ya miezi. Hata baada ya arobaini nzima, haanzi pale alipoanza mara ya kwanza. Hili mwambie, maana nadhani anaamini kwamba yote yamepotea.

Akisema umri umekwenda, msimulie ya Boston, Marekani. Mwaka 1990 watafiti walichapisha habari za wazee dhaifu wa makao ya wazee, umri wao wa wastani miaka 90, walionyanyua vizito kwa wiki 8. Nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Mama mkwe wako ana 66.

Na kutembea asiache. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2002 ulifuatilia watu wenye sukari ya njiani kama yake. Kati ya wenye miaka 60 na zaidi, waliobadili chakula, wakapunguza uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, wengi wao kwa kutembea tu, waliougua kisukari walikuwa pungufu kwa asilimia 71 kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Sisi tunatembea, na juu yake tunaongeza mazoezi ya nguvu.

Sasa namna ya kurudi. Kila mmoja wetu ameandika kwenye karatasi, kwa mkono wake, atakachofanya yakitokea yale yanayotokea. Yangu inasema: nikiwa msibani, asubuhi kabla sijaketi mkekani nitakaa na kusimama kwenye kiti mara kumi bila kushika, nitasukuma ukuta mara kumi, basi. Ramadhani, nafanya baada ya futari chakula kikishatulia. Nikiugua, napumzika mpaka homa iishe kabisa. Na mstari wa mwisho ndio mkubwa kuliko yote: nikirudi, siku ya kwanza natumia nusu ya uzito ninaoinua siku zote, wala sihesabu siku nilizokosa. Nusu hiyo inaokoa magoti na mabega, lakini zaidi inaokoa moyo, kwa sababu mtu huimaliza kazi yake akasimama ameweza.

Uzito wetu ni madumu ya mafuta ya lita 5. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo kila mtu amepiga alama za kalamu ya wino kwenye dumu lake na anaona maji yakipanda mwezi hadi mwezi. Sukari huioni kwa macho, na kipimo cha hospitali kinakuja mara chache. Alama ya dumu unaiona leo. Na kazi iwe nzito kweli: ukiinua mara kumi, zile mbili za mwisho zikupe taabu. Ikiwa rahisi yote, ongeza maji. Atoe pumzi anapoinua, asibane pumzi, hasa kama ana presha, na daktari ajue anachofanya. Akihisi maumivu ya kifua au kizunguzungu aache na apelekwe hospitali.

Jambo moja nakuomba sana. Usimsimamie wewe. Wewe ni mkwe wake, na hata ukisema kwa sauti ya chini kabisa, "mama, inuka ufanye," atafanya kwa kukustahi, nawe ukienda kazini ataacha. Mtafutie wa rika lake. Hapa kwetu mmoja akikosa mara mbili mwenzake anakwenda kwake, anabisha hodi, anampa pole ya kilichomkwamisha, kisha anamwambia Alhamisi tunafanyia hapa barazani kwako. Hakuna kuulizana ulikuwa wapi. Hapo Tegeta bila shaka yuko jirani anayekwenda naye sokoni au msikitini. Kuwa wawili kunatosha. Mjukuu naye anaweza kumhesabia, watoto wanapenda kuhesabu na bibi hawezi kumkatalia.

Nimezungumza na mwenzangu mmoja hapa, naye yuko tayari. Jumamosi tutapanda daladala mapema kabla jua halijawa kali, tuje tufanye naye mara ya kwanza na kuandika karatasi yake pamoja. Usimwambie tunakuja kwa sababu ya sukari. Mwambie mkwe mwenzie anakuja kumpa pole ya msiba, maana kwa kweli sijampa. Muulize tu siku zipi mbili za wiki zinamfaa, achague mwenyewe. Na kama una madumu mawili matupu ya mafuta, usiwape wanaonunua plastiki mpaka nifike.

Mama yako