Mlioanza juzi kwenye mashimo ya dhahabu Busia, Uganda, jifunzeni mng'ao kwanza

Wadogo zangu, kila siku naona mtu anakuja mbio na jiwe mkononi, "mkubwa cheki hii inang'aa", sawa inang'aa, lakini inang'aa vipi? Mwaka wangu wa kwanza nilijaza kopo zima nikaficha chini ya kitanda wiki mbili, siku ya kuuza mzee mmoja akamwaga kidogo kiganjani, akasogea kivulini, akageuzageuza, akacheka. Ulanga mtupu!

Ulanga ni vijikaratasi vyembamba, mwanga ukipiga ubapa wake unawaka, ukigeuza kidogo tu unazima. Dhahabu haizimi, juani njano kivulini njano ile ile. Na ukigusa kwa ncha ya sindano dhahabu inabonyea, ulanga unabanduka.

Sababu ni kwamba kwenye metali mwanga haupenyi, elektroni zake, zile chembe ndogo sana za umeme, ziko huru zinaurudisha pale pale juu. Kwatzi, lile jiwe jeupe mnalopasua kila siku, mwanga mwingi unaingia ndani, unaorudishwa na uso wake ni kama asilimia 4 au 5 hivi, ndo maana inang'aa kama kioo cha dirisha basi. Almasi inapinda mwanga zaidi sana, inarudisha kama asilimia 17. Madini ya bati kule Isingiro yanaelekea huko kwa almasi, kwa hiyo ukikuta jiwe jeusi, zito, linameta kuliko kioo, usilitupe bwana.

Halafu jamani msihukumu ngozi ya jiwe. Mawe ya shaba ya Kilembe yakikaa nje yanashika rangi rangi kama petroli juu ya maji, mgeni anafurahi kumbe ni kutu. Vunja, kausha, tazama pale papya, maana likilowa hata tope linang'aa.

Pairaiti, madini ya chuma na salfa, ndo msumbufu, nayo ni ya njano na mng'ao wake ni wa metali kabisa, hapo jicho peke yake halitoshi. Okota kipande cha taili kwenye nyumba inayojengwa, kwaruza jiwe kwenye upande wa nyuma wa taili, usio na glezi (ule mpako unaong'aa): pairaiti inaacha unga mweusi wenye ukijani, dhahabu inaacha mstari wa njano.

Ukikwama niletee jiwe lenyewe, picha usinitumie, flashi ya simu inageuza kila kitu dhahabu.