Barua kwa mwanangu: Peni ya bibi yako

Kibokoni, Mombasa

Mwanangu,

Wa aleikum salaam. Picha zako nimezipata. Waniuliza kama uipake dawa ile peni, sarafu ya zamani ya senti kumi, ya marehemu bibi yako ili mwaka uliofutika upate kusomeka, maana umeona Wamarekani wakifanya hivyo. Usiipake, nakuomba.

Wao wana sababu yao. Senti zao tano zenye nyati, zilizotolewa 1913 hadi 1938, mwaka wake uliwekwa mahali palipoinuka, basi ukawa wa kwanza kusagika. Mtu hudondosha tone la feri kloridi, dawa ileile mafundi wa redio huitumia kuondolea shaba kwenye bodi za saketi, na tarakimu hurudi kama kivuli. Muhuri ulipoigonga sarafu uliyakandamiza madini hata chini ya tarakimu, kwa hiyo juu pakisagika, chini pamebaki tofauti na dawa hupala kivyake. Jambo hili hunistaajabisha kila nikilifikiri. Lakini doa linalobaki halitoki tena, na wakusanyaji huihesabu sarafu hiyo kuwa imeharibiwa. Kwa senti isiyo na mwaka wala bei, hasara si kubwa.

Hiyo yao ni shaba iliyochanganywa na nikeli. Yetu ni shaba nyeusi, yaani bronzi. Niliwahi kujaribu kwenye ndururu moja, ile senti tano. Dawa ikala mwaka na maandishi pamoja, na mpaka leo naijutia. Wala usiisugue kwa ukwaju kama tunavyosugua dele la kahawa.

Ilaze mezani, zima taa, uimulike kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, mwanga utambae juu yake. Usihangaike na mwaka, tafuta jina. Peni zetu hazina sura ya mfalme wa Uingereza, zina jina lake tu. Ukisoma George wa Tano kwenye shaba nyeusi, ni baina ya 1921 na 1936. George wa Sita akiwa bado na cheo cha mfalme mkuu wa India, ni katika sarafu zake za zamani zaidi, kwani cheo hicho kiliondolewa baada ya India kujitawala 1947. Isiyo na jina la mfalme wala malkia ni ya 1964.

Sasa, katika picha yako ya pili naona kama herufi E na D. Moyo umenienda mbio. Edward wa Nane alitawala Januari hadi Disemba 1936, basi. Shilingi yenye sura yake hatukuipata, ila jina lake liliingia kwenye ndururu na peni. Ikiwa ni yeye, mwaka tunao tayari, hata ukiwa umefutika wote. Edward wa Saba, aliyefariki 1910, peni zake ni nyeupe, hazina wekundu wa shaba.

Hesabu vijiti baada ya ile V ya namba ya Kirumi, viwili ni wa Saba, vitatu ni wa Nane, kisha unipigie hata kama ni usiku.

Baba yako