Farasi akishtuka, usimbane magoti

Pole dada, umesema farasi uliyempanda bichi kashtuka ukabaki unaning'inia ubavuni mwake, ila yeye kuruka kando sababu leso imepeperuka ni kawaida tu, macho yake yako pembeni ya kichwa so anaona karibu kila upande na kitu kikicheza ghafla yeye anakimbia kwanza. Kilichokuning'iniza ubavuni nadhani ni magoti, ukiyabana yanakurusha juu utoke kwenye tandiko. We kaa kitako zito, mabega nyuma, kisigino chini, na kwenye kikuku (ile pete ya kukanyagia inayoning'inia kwenye tandiko) uingize ile sehemu pana ya mbele ya mguu tu, usizamishe mguu mzima maana ukianguka ukanasa utaburutwa, hiyo ndo mbaya kuliko kuanguka kwenyewe. Mkono mmoja shika nywele za shingoni, usijishikilie kwa hatamu utamuumiza mdomo azidi kuchanganyikiwa. Akianza kukimbia, vuta hatamu ya upande mmoja taratibu azunguke duara, ila akishashika kasi usimkunje ghafla mtaanguka wote. Na cheki masikio bana, yakisimama yote kuelekea kitu kimoja jua kuna kitu amekiona, jipange mapema. Helmeti ulivaa lakini?