Maswali ya Wasomaji: Ubatizo Ziwani, Zaka ya Mvuvi na Kapu la Sadaka

Barua za safari hii zimetoka Mwanza mjini, pembezoni mwa ziwa na visiwani. Zimejibiwa na wazee wa kanisa, shemasi na walimu wa madarasa ya ubatizo. Swali la kwanza limechukua nafasi kubwa kwa sababu linahusu roho za watu na miili yao pia.

Bwana Yesu asifiwe. Kanisa letu liko Igombe na miaka yote tunabatiza ziwani. Sasa baadhi ya wazee wanataka tujenge kisima cha ubatizo kanisani kwa sababu ya kichocho. Wengine wanapinga, wanasema Yesu alibatizwa mtoni na tukiingia kwenye tangi tunapunguza imani. Tufuate lipi, na tukijenga tujenge vipi?
*Mama shemasi, Igombe*

Amina, mama. Kwa upande wa imani hapa hakuna cha kugombania. Ni kweli Yesu alibatizwa Yordani, lakini towashi wa Kushi alibatizwa kwenye maji waliyoyakuta njiani (Matendo 8), na mlinzi wa gereza la Filipi alibatizwa usiku uleule pamoja na watu wa nyumbani kwake (Matendo 16:33), wala hatuambiwi walikwenda mto gani. Kwa kanisa linalozamisha, kinachotakiwa ni maji ya kumfunika mtu mzima, kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, kama ishara ya kuzikwa na kufufuka pamoja na Kristo (Warumi 6:4). Maji ya tangi yanazika sawasawa na ya ziwa.

Hoja ya kichocho ni ya kweli. Konokono wanaobeba ugonjwa huu hukaa kwenye maji ya kina kifupi yaliyotulia, penye matete na magugu, yaani palepale tunapopapenda kwa ubatizo kwa kuwa hapana mawimbi. Vijidudu hutoka kwa wingi jua likishapanda, kuanzia kama saa 4 asubuhi mpaka alasiri, na huo ndio muda kwaya inatoka kanisani kuelekea ziwani. Vinapenya ngozi ndani ya dakika chache, kwa hiyo kujifuta taulo ukitoka hakutoshi. Mkisema mtakwenda alfajiri ili kuvikwepa, mtakutana na viboko wanaorudi majini kutoka malishoni, na pengine mamba. Tunaegemea upande wa wazee wenu.

Kisima chenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1.2 na maji ya kina cha mita 1 kinachukua lita 2,400. Kuta zipandishwe hadi mita 1.2, kwa sababu watu wawili wakiingia maji hupanda, na mtu akilazwa hutokea wimbi. Weka ngazi upande mmoja tu wa mwisho wa kisima, kila kipandio kisizidi sentimita 20, na sakafu ipigwe lipu ya kukwaruza, isisuguliwe ikateleza. Bomba la kutolea maji lenye kipenyo cha inchi 2 likae chini kabisa, na sakafu ielekee huko. Wengi husahau bomba hili, kisha maji yanachotwa kwa ndoo Jumatatu nzima au yanaachwa yazalishe mbu.

Kama mnavuta maji ya ziwa, yachujeni kwa kitambaa kizito ili konokono wasipite, kisha yakae saa 48 yakiwa yamefunikwa kabla mtu hajaingia. Vijidudu vya kichocho visipopata ngozi ya mtu hufa ndani ya muda huo. Maji ya bomba au ya mvua hayahitaji kusubiri.

Tahadhari moja ambayo wajenzi hawaitaji: mchungaji aliye ndani ya maji asishike kipaza sauti chenye waya, wala waya wa umeme usipite ukingoni. Anayesoma majina asimame mbali, nchi kavu.

Sasa tendo lenyewe. Anayebatizwa asimame ubavu kwa mchungaji, akunje mikono kifuani, mkono mmoja ubane pua. Mchungaji ashike mikono hiyo kwa mkono wake mmoja na mwingine auweke katikati ya mabega, si shingoni. Mwambieni mapema, tena mumfanyishe mazoezi nchi kavu, kwamba akunje magoti na kujiachia kwenda nyuma. Wanaokakamaa ndio wanaopiga teke na kumeza maji. Maji yakiishia mapajani mchungaji atabeba uzito wote wa mtu, na kufikia mtu wa kumi mgongo utakuwa umemwisha. Yawe juu ya kiuno. Majoho mepesi hupanda juu kama puto, basi shoneni vipande vya risasi za nyavu kwenye pindo. Kina mama wawe na khanga mkononi, wamsitiri mwenzao akiwa bado kwenye ngazi. Mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa moyo na mjamzito ajulikane kwa mwalimu wa darasa kabla ya siku yenyewe.

Ikiwa mwaka huu bado mtakwenda ziwani, chagueni ufukwe wa mchanga unaopigwa na mawimbi, mbali na matete na mbali na mwalo, yaani pale mitumbwi inapotia nanga na kushusha samaki. Msisimame juu ya mawe. Uzuri wa mawe yetu ya Mwanza ni kuyatazama, yakiwa chini ya maji yanateleza kama sabuni. Shemasi wawili wanaojua kuogelea wasimame upande wa kina. Kila aliyeingia majini, mchungaji akiwemo, aende zahanati baada ya wiki 6 hadi 8 kuulizia dawa ya kichocho. Ukiinywa kesho yake haisaidii sana, kwa kuwa haiui vizuri minyoo iliyo michanga.

Meza ya Bwana kwetu imekuwa na mzozo: divai, juisi ya zabibu au choya? Halafu kila mara vikombe vya nyuma vinakosa kinywaji.
*Mzee wa kanisa, Kirumba*

Injili inasema uzao wa mzabibu (Mathayo 26:29). Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri hutumia divai. Makanisa mengi ya kiinjili na ya Kipentekoste hutumia juisi isiyochachuka. Choya ina rangi nzuri lakini haitokani na mzabibu, na kwa kuwa zabibu za Dodoma zinafika Mwanza hatuoni sababu ya kuitumia mjini. Kisiwani ambako divai wala juisi ya zabibu haipatikani, baraza la wazee liamue na liwatangazie washirika, isiwe uamuzi wa anayepika.

Kupungua ni hesabu tu. Vikombe vile vidogo vikijazwa pomoni huchukua mililita 15 hivi, mimina 10. Lita 1 itatosha vikombe 100. Mkiwa washirika 180, andaeni lita 2 na kitakachobaki kitafidia kilichomwagika. Funikeni trei kwa kitambaa tangu zinapomiminwa. Wale wadudu wadogo wa ziwani wakija na wingu lao, dakika moja inatosha kuharibu trei nzima.

Shikamooni. Ni mvuvi wa dagaa Ukerewe. Tunaingia ziwani jioni na kutoka asubuhi, na mke wangu ndiye anayeanika, kwa hiyo wote wawili tunakosa ibada Jumapili nyingi. Mzee mmoja ananiita "mshirika wa mbalamwezi". Tena sijui nitoe zaka kwenye nini. Tajiri, yaani mwenye mtumbwi, anaondoa kwanza mafuta na chakula, kinachobaki ni nusu yake na nusu yetu wavuvi wanne.
*Mvuvi, Nansio*

Marahaba, kijana. Jina ulilopewa lina ukweli ndani yake, ila lawama si yako peke yako. Taa haivuti dagaa mbalamwezi inapowaka, ndiyo maana mitumbwi inakaa nchi kavu kwa siku kadhaa kila mzunguko wa siku 29 na nusu. Kanisa lililo kwenye mwalo linapaswa kuijua kalenda hiyo kama wavuvi wanavyoijua. Meza ya Bwana, vikao vya washirika, darasa la ubatizo na harusi viwekwe kwenye siku za mbalamwezi. Kanisa likiweka Meza ya Bwana Jumapili ya kwanza ya kila mwezi bila kutazama angani, litawakosa wavuvi miezi mingine, kisha liwaandike watoro.

Wakati wa giza, ombeni jumuiya yenu iwe na ibada fupi saa 9 alasiri. Saa 4 asubuhi haiwezekani, hilo liwe wazi kwa mchungaji. Mkeo ana dagaa mchangani au juu ya kichanja, wanataka kugeuzwa, na mawingu yakitanda lazima wakusanywe upesi, maana dagaa walionyeshewa huishia kuuzwa kama chakula cha kuku. Kufikia saa 9, siku ya jua kali, wameshaanza kukauka, nawe umeshalala kidogo. Ibada isizidi saa moja na nusu ili saa 12 uwe kwenye mtumbwi. Bwana alisema sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu (Marko 2:27), na sidhani aliwatoa wavuvi kwenye hesabu, yeye aliyewaita wanafunzi wake wa kwanza kutoka kwenye nyavu.

Ajabu moja nzuri: Pasaka inawaelekea wavuvi. Huadhimishwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi, kwa hiyo inaangukia kati ya siku 1 na 7 baada ya mbalamwezi kukamilika. Ikiangukia siku ya pili au ya tatu, mwalo mzima uko nyumbani. Ikifika ya saba, giza la mapema limeanza na baadhi watakuwa wamerudi kazini. Krismasi haina bahati hiyo, inaweza kukutana na giza totoro.

Kuhusu zaka, toa kwenye kile kilichofika mkononi mwako. Tuseme mauzo ya usiku mmoja ni shilingi 600,000 na gharama ni 200,000. Kinabaki 400,000, tajiri anachukua 200,000 na ninyi wanne mnapata 50,000 kila mmoja. Fungu lako la kumi ni shilingi 5,000. Hudaiwi zaka ya ile 600,000, haikuwa yako. Tajiri, kama ni mshirika, ataondoa pia matengenezo ya mtumbwi na nyavu kwenye 200,000 yake kabla ya kupiga hesabu, lakini asiondoe ada ya shule ya watoto na kuiita gharama ya uvuvi. Usiku mliorudi na ndoo tupu hauna zaka wala deni. Na usimkope tajiri ili utoe. Mvuvi aliyekwisha kumezwa na madeni ya tajiri hana uhuru wa kuchagua hata siku ya kupumzika. Kwa kuwa unapata kwa vipande, weka bahasha nyumbani, tia humo kila ukigawiwa, uipeleke siku za mbalamwezi.

Nimehamia Nyamagana kutoka Sengerema. Kanisa jipya linataka barua, na nilibatizwa utotoni Anglikana. Je, wananikataa?
*Muuguzi*

Hapana. Barua inawasaidia kujua wanampokea nani. Andikia kanisa ulikotoka, wataje jina lako kamili, tarehe na mahali pa ubatizo na kipaimara, hali ya ndoa, na kama uko chini ya nidhamu ya kanisa au la. Iwe na saini na muhuri. Ukihamia Anglikana, Lutheri au Katoliki, ubatizo wako wa utotoni kwa kawaida hautarudiwa. Kwenye makanisa yanayozamisha, kama AIC (Africa Inland Church) au ya Kipentekoste, tarajia kuingia darasani na kubatizwa ukiwa mtu mzima. Uliza mapema, usishtukizwe siku ya mwisho ya darasa. Mipaka hii ina historia hukuhuku: kituo cha Nassa, kwenye Ghuba ya Speke, kilianzishwa na misioni ya Kianglikana ya CMS (Church Missionary Society), kisha mwaka 1909 kikachukuliwa na AIM (Africa Inland Mission), misioni iliyozaa AIC.

Mhazini wetu anahesabu sadaka peke yake nyumbani. Sina ushahidi wa wizi, lakini minong'ono ni mingi. Vijana tufanye nini?
*Katibu wa vijana, Magu*

Msimshtaki. Pendekezeni utaratibu, na mhazini mwema ataufurahia kwa kuwa unamlinda yeye kwanza. Hata Paulo, alipokusanya mchango wa Yerusalemu, hakuubeba peke yake, ili asilaumiwe na mtu (2 Wakorintho 8:20–21).

Kapu litoke ibadani liende moja kwa moja chumbani na watu watatu wasio wa nyumba moja. Mlango ubaki wazi. Bahasha za zaka zifunguliwe kando na sadaka ya kapuni, kila bahasha iandikwe kiasi kilichokutwa ndani, si kile kilichoandikwa juu, maana hutofautiana kuliko mnavyodhani. Noti zipangwe kwa aina, sarafu mwisho. Jumla iandikwe kwenye fomu yenye nakala mbili na wote watatu wasaini kabla pesa haijatoka chumbani. Jumatatu iende benki yote. Ugomvi mwingi huzaliwa hapa: mtu anachomoa elfu kumi ya mafuta ya jenereta kabla ya kuandika, kwa nia njema kabisa. Matumizi yatoke kwa hati, hata kama ni ya dharura.

Pesa za simu ziingie kwenye namba iliyosajiliwa kwa jina la kanisa. Laini ya mchungaji haifai, hata kama ni mwaminifu kama Samweli.

Sadaka ya vitu inapigwa mnada baada ya ibada, na samaki watangulie. Kuku na mihogo wanaweza kusubiri, sato hasubiri. Anayeshinda alipe palepale. Kama baraza limekubali mkopo, jina lake na kiasi viingie daftarini mbele ya watu, na asishindanie kitu kingine mpaka amalize. "Nitaleta Jumapili" isiyoandikwa ndiyo inayokausha mnada wa kanisa, kwa sababu wenye pesa taslimu huchoka kushindana na wasio nazo.