Kwa nini baridi inamuumiza mdogo wangu? Swali lililonipeleka kwenye sayansi

Mleta uzi, umeuliza kama shida inaweza kweli kumfanya mtu apende sayansi, au watu hujitungia hadithi wakishafanikiwa. Nakujibu kwa yaliyonikuta.

Mdogo wangu alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Baridi ikizidi, au akishinda bila kunywa maji ya kutosha, usiku hakuna anayelala. Yeye analia mifupa, mama anamkanda, mimi nimesimama na kikombe cha maji. Nilikuwa na miaka 12. Kila mkubwa niliyemuuliza kwa nini baridi inamuumiza aliniambia nimwombee. Nilimwombea sana, na swali likabaki palepale.

Miaka 3 baadaye mwalimu wa baiolojia alichora ubaoni seli nyekundu mbili: moja ya mviringo, nyingine imepinda kama mundu. Akaeleza kwamba himoglobini ya mgonjwa, yaani protini inayobeba oksijeni ndani ya seli hizo, ikishaachia oksijeni hushikamana na kuwa nyuzi ngumu, seli inapinda na kukwama kwenye mishipa myembamba. Baridi huibana mishipa hiyo. Upungufu wa maji huisinyaza seli, himoglobini ikasongamana zaidi. Nikakumbuka kile kikombe, machozi yakanitoka mbele ya darasa zima. Na chanzo cha yote ni asidi amino moja tu, yaani kipande kimoja kati ya 146 vinavyounganika kutengeneza mnyororo wa beta, sehemu mojawapo ya himoglobini: kwenye nafasi ya 6, asidi amino iitwayo valini imekaa mahali pa nyingine, asidi ya glutamiki. Moja! Tangu siku hiyo sikuiacha kemia.

Mwanakemia wa Marekani Gertrude Elion naye alifiwa na babu yake kwa saratani ya tumbo akiwa na miaka 15, akaamua kusoma kemia. Alishiriki kutengeneza merkaptopurini, dawa ya saratani ya damu, na mwaka 1988 akapata Nobel pamoja na wenzake wawili.

Lakini shida peke yake haitoshi. Kaka yetu aliyaona yaleyale, na mpaka leo hataki hata kusikia habari za damu. Simlaumu. Mimi nilibahatika kumpata mtu aliyelijibu swali langu.

Sasa mdogo wangu anatumia dawa iitwayo haidroksiyurea. Nilimweleza kwamba inaamsha himoglobini ambayo mtoto huwa nayo akiwa tumboni mwa mama, na ambayo haishikamani. Akanitazama: "Kwa hiyo dada, nilizaliwa nayo?"

Nikamwambia ndiyo, ilikuwa imelala tu.