Kuulizwa magonjwa ya wazazi unapoomba kazi Illinois: achana na HIPAA, shika sheria ya jimbo

Mkuu, umeuliza kama mwenye ghala huko Illinois kavunja HIPAA, sheria ya Marekani nzima ya siri za afya, kwa kukuuliza, kwenye kipimo cha afya kabla ya ajira, kama mama yako ana sukari na baba alifariki kwa ugonjwa gani. HIPAA haitakufikisha popote hapo, lakini usiliache suala lenyewe.

HIPAA ya 1996 inawabana watoa huduma za afya, bima za afya na wale wanaowafanyia kazi za taarifa za wagonjwa. Mwajiri, kwa uajiri wake, hayumo. Halafu haikupi haki ya kumshtaki mtu mahakamani. Unapeleka malalamiko Wizara ya Afya ya Marekani, basi.

Sasa Illinois ina sheria yake ya mwaka 1998, inaitwa GIPA, ya kulinda siri za taarifa za kijenetiki, yaani za urithi wa mwili. Inapoeleza taarifa za kijenetiki ni zipi, inaazima maana iliyomo kwenye kanuni za HIPAA zenyewe. Na maana hiyo haiishii kwenye mate au damu iliyopimwa DNA: ugonjwa uliowapata ndugu zako nao umo. Kisheria, sukari ya mama yako ni taarifa yako wewe. Hapo ndipo jimbo linakwenda mbele zaidi: mwajiri haruhusiwi kuiomba taarifa hiyo kama sharti la kazi, iwe moja kwa moja au kwa kupitia mwingine, na wewe una haki ya kwenda mahakamani. Fidia ni dola 2,500 kwa kila kosa la uzembe, dola 15,000 kama ni makusudi au kutojali, pamoja na gharama za wakili.

Mimi niliomba kazi ya ghala karibu na Joliet, Illinois. Zahanati waliyonituma ilinipa karatasi mbili. Ya kwanza ni idhini ya kumpelekea mwajiri majibu yangu. Hiyo nilisaini, kwa sababu zahanati inabanwa na HIPAA, na kipimo kinachofanywa kwa ajili ya mwajiri wanaweza kukataa kukupima usiposaini. Ya pili ilikuwa na jedwali: baba, mama, kaka, dada, juu yake moyo, presha, sukari, saratani. Nikaipiga mstari, nikaandika sijibu, nikaipiga picha. Muuguzi akaniambia mbona wenzako wote wanajaza. Nikamjibu kwa upole kwamba sheria ya jimbo inanilinda, akaendelea kunipima presha. Kazi nikapata.

Kinachoniuma ni hao wenzangu wote. Huwa nawatafsiria ndugu zetu Wakongo waliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na mtu aliyeishi miaka kwa kujaza fomu ili apate chakula hawezi kuacha kisanduku wazi. Atakutajia mpaka ugonjwa wa bibi yake. Tuwaambie kabla hawajaingia chumba cha vipimo.

Kuna wanaosema kwamba sheria ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima, hufuta ya jimbo. Si kweli hapa. HIPAA yenyewe inasema sheria ya jimbo inayolinda siri ya mgonjwa kwa ukali zaidi inabaki.

Walioko majimbo mengine wana GINA ya 2008, sheria ya shirikisho dhidi ya ubaguzi wa kijenetiki, inayomkataza mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi kuuliza mambo haya.

Kwako wewe: omba zahanati nakala ya fomu uliyojaza. Kupata kumbukumbu zako ni haki yako chini ya HIPAA, na wana siku 30 kukujibu. Kisha mtafute wakili wa kazi anayeijua GIPA. Ukitaka kutumia na GINA, malalamiko yanaanzia EEOC, tume ya shirikisho ya usawa kazini, na muda wa kuyapeleka ni siku 180, hadi 300 pale ambapo jimbo lina sheria na chombo chake, kama Illinois. Hesabu kuanzia siku uliyoulizwa.